Shajara ya mradi: nilichosema darasani, nilikokitoa na kilichofuata

Wiki ya 1

Mwalimu wetu wa jiografia ya pwani na visiwa ametutaka kila mmoja achague jambo moja la kujichunguza katika masomo yake, alifuatilie kwa muhula mzima wa wiki 14, na aliandikie shajara itakayokusanywa mwishoni. Wenzangu wengi wamechagua namna wanavyoupanga muda wa kusoma au wanavyojitayarisha kwa mitihani. Mimi nimechagua mchango wangu katika mijadala ya darasani, kwa sababu tunasomea ualimu, na baada ya miaka 2 nitakuwa nimesimama mbele ya darasa katika skuli ya Unguja au ya Pemba nikiwataka wanafunzi wazungumze, ilhali mpaka leo sijapata kujiuliza ninapozungumza mimi huwa nawapatia nini wanaonisikiliza.

Njia niliyoanza nayo ni nyepesi. Nimechukua daftari, nikalipiga mistari, nikaweka safu 3: siku, nilichosema, na muda niliochukua. Darasa letu lina wanafunzi 43, na tunaotoka Pemba ni 9. Mijadala hufanyika mara 2 kwa wiki, kila mmoja kwa saa moja na nusu, na lugha yake ni Kiingereza, kama ilivyo kwa masomo yetu mengine isipokuwa Kiswahili, Kiarabu na yale ya dini. Wiki hii nimezungumza mara 5. Niliporudi dakhalia, yaani bwenini, na kuhesabu nilifurahi, kwani nimo miongoni mwa wanaosikika.

Wiki ya 2

Mada ilikuwa karafuu, na swali lilikuwa kwa nini Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Niliinua mkono mapema nikasema kwamba ardhi ya Pemba ina rutuba na mvua zake ni nyingi. Hayo ni kweli, na hakuna mtoto wa Pemba asiyeyajua. Mwenzangu wa Mkoani akasema kwamba ardhi peke yake haitoshi kuwa jibu, kwa sababu Unguja nayo ilikuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu tangu zama za Seyyid Said, mpaka kilipokuja kimbunga cha mwaka 1872, ambacho kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi huku ya Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Hapo mjadala ukachangamka. Mmoja aliuliza kwa nini Unguja haikurejea pale ilipokuwa. Mwengine akakumbusha kwamba mwaka uliofuata, 1873, soko la watumwa la Mjini lilifungwa, na kwamba mkarafuu ni mti wa kusubiriwa miaka mingi kabla ya kuchumwa, kwa hivyo mwenye shamba aliyepoteza miti na akawa hana hakika ya wafanyakazi alikuwa na sababu ya kusita. Tulitoka darasani tukiwa bado tunalizungumza hilo.

Nimezungumza mara 7, na kwa hesabu ya daftari hayo ni maendeleo. Lakini niliposoma upya nilichoandika niliona kwamba mara 4 kati ya hizo nilikuwa nikimuunga mkono aliyetangulia kwa maneno mengine, na mara 2 nilikuwa nikiongeza mfano wa jambo ambalo kila mtu ameshalifahamu. Iliyobaki ndiyo ile ya rutuba na mvua. Nimeifuta safu ya muda, na mahali pake nimeandika: nilikitoa wapi.

Wiki ya 3

Tulijadili msongamano wa watu. Nilisema kwamba Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Tarakimu hiyo nilikuwa nimeikariri usiku wake, na niliitaja yote bila ya kukosea. Darasa lilinyamaza, mwalimu akanipongeza kwa neno moja, na aliyenifuata akaanza jambo jengine kabisa.

Nimelifikiria tukio hilo kwa muda mrefu kuliko ukubwa wake. Nambari ilikuwa sahihi na ilihusu mada, lakini niliileta kama mtu anayetua mzigo barazani akaenda zake, wala sikusema tuifanyie nini. Lau ningeuliza wangapi kati ya watu hao wanaishi katika ardhi ya uwanda, ile ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba ambayo jembe haliingii, huenda wenzangu wa Makunduchi na wa Micheweni wangekuwa na la kueleza. Nimeongeza safu ya 4 katika daftari: kilichofuata. Kwa wiki hii nimeijaza mara 6, na katika mara 4 nimeandika neno moja tu, hakuna.

Wiki ya 4

Wiki hii nitaiandika kwa urefu, kwa sababu mada ilikuwa uchumi wa buluu, yaani uchumi unaotegemea bahari, na mjadala wote ulielekea kwenye mwani, na mwani ndio ulionisomesha mimi. Mama yangu ni mkulima wa mwani katika pwani ya wilaya ya Micheweni, na kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa najua kufunga mbegu kwenye kamba.

Mwalimu alitueleza kwamba kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na kwamba aina zilizoletwa ni 2: ile ambayo wakulima huiita spinosamu, ambayo ni ngumu na ya bei ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri zaidi lakini dhaifu. Mwani mkavu husafirishwa nje, na huko hutolewa karajinani, kitu kinachotumika viwandani kuvipa uzito na kuvishikamanisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Kisha akauliza kwa nini kotonii imeshindikana katika sehemu nyingi za pwani yetu.

Nilisimama kabla hajamaliza swali. Nilisema kwamba sababu ni joto la bahari. Kwamba maji yanapopata joto kupita kiasi mwani hugeuka mweupe, hulainika na kukatika. Na kwamba hilo si jambo la vitabuni tu, kwa sababu wakulima wenyewe, akiwemo mama yangu, wanasema hivyo hivyo. Nilizungumza kwa dakika 4 na ushei bila ya kukatizwa. Nilieleza namna mwani ulioharibika unavyokuwa mkononi: unaushika tawi unadhani ni zima, kumbe kwa ndani limeshakuwa laini kama uji, na kipande kinabaki kwenye kamba huku chengine kikienda na maji. Hakuna aliyeuliza swali. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akitayarisha insha yake juu ya mada hiyo aliniomba nirudie sentensi ile ya wakulima ili aiandike, nami nikairudia polepole.

Katika safu ya nilikokitoa niliandika kwa fahari: nyumbani. Katika safu ya kilichofuata niliandika: darasa limekubali.

Wiki ya 5

Mjadala wa mwani uliendelea. Mwenzetu mmoja kutoka Nungwi, ambaye hoja zake aghalabu huwa na mpangilio mzuri, alisema kwamba tatizo la joto lina ufumbuzi, nao ni kuuhamishia mwani kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto halipandi kwa haraka, na kuufunga kwenye kamba au neti zinazoelea. Nilimuunga mkono. Wawili wengine walimuunga mkono pia.

Nyuma ya darasa hukaa dada mmoja wa Jambiani ambaye tangu muhula uanze sikuwa nimemsikia. Siku hiyo aliinua mkono, akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akaomba radhi, kisha akauliza kwa Kiswahili: “Hao mama zetu, nani anajua kuogelea?”

Swali lilikuwa na maneno matano au sita. Lilichukua saa nzima iliyobaki. Wakulima wa mwani wengi ni wanawake, na shamba la mwani wamelijua kuwa ni mahali pa kwenda kwa miguu maji yanapokupwa, maji yakiwa magotini au kiunoni. Ukisema maji ya kina kirefu umeshasema chombo, na ukisema chombo umeshasema fedha za kukinunua, mtu wa kukiendesha, na wengi wa hao ni wanaume. Kwa hivyo kazi ambayo mwanamke alikuwa akiimiliki kuanzia kijiti cha kufungia kamba mpaka polo, yaani gunia la kutilia mwani, inaweza kuhamia mikononi mwa mwengine kwa jina la kuikoa. Mmoja alijibu kwamba watu wanaweza kufundishwa kuogelea. Akajibiwa kwamba ndiyo, lakini tuanze na hilo basi, tusianze na neti. Yule wa Nungwi mwenyewe alisema kwamba hakuwa amelifikiria jambo hilo, na akaomba siku ya pili aendelee nalo.

Niliporudi dakhalia nilijumlisha. Katika wiki 5 nimezungumza mara 31. Dada yule amezungumza mara 1. Nimejaribu kutafuta katika mara zangu 31 iliyofanya kazi kama ile yake moja, na sikuipata. Mimi pia nina mama asiyejua kuogelea. Nilikuwa nalo jambo lile lile mkononi, na badala yake nikasema naunga mkono.

Wiki ya 6

Nimezungumza mara 3 tu, kwa kuwa nilikuwa najichunga mno, na kujichunga huko nako hakukuwa na faida. Mara mbili nilikuwa na la kusema nikalimeza.

Nimetumia wiki hii kupitia daftari kwa jicho la lugha. Ninapozungumza kwa Kiingereza sentensi zangu huwa fupi na huwa nimeshazisikia mahali, yaani nasema ninachoweza kukisema, si ninachokifikiri. Hata ile hotuba ya wiki ya 4, ambayo niliiona kuwa ya nyumbani, sehemu yake ya kwanza ilikuwa ni maneno ya makala tuliyopewa kusoma, niliyoyahifadhi kwa mpangilio wake. Nimekwenda kwa mwalimu baada ya Laasiri nikamweleza hayo, na nikamwomba afikirie kuturuhusu tujadiliane kwa Kiswahili katika vikundi kwa nusu saa ya kwanza, kisha kila kikundi kitoe ripoti yake kwa Kiingereza. Hakukubali wala hakukataa. Aliniuliza kama nina ushahidi wowote kwamba lugha ndiyo inayowanyamazisha wenzangu, au ni dhana yangu. Nilitaka kusema kwamba wenzangu wenyewe wanasema hivyo, nikajizuia, kwani kwa hakika nilikuwa sijawauliza.

Wiki ya 7

Ni wiki ya mapumziko. Nimepanda boti Malindi mpaka Mkoani, na kutoka Mkoani nimekata kisiwa chote kwa gari za abiria mpaka kwetu. Masika imekaza, njia nzima vilima vilikuwa vimejaa kijani na mito midogo imejaa.

Niliazima kipimajoto cha maji kutoka maabara kwa nia ya kuleta darasani vipimo vya kutilia nguvu hoja yangu ya joto. Siku ya pili ya bamvua maji yalikupwa sana, na saa 4 asubuhi tulikuwa tumeshafika shambani, mama na mimi, maji yakiwa chini ya magoti. Kwa msomaji asiyetoka pwani nieleze kwamba bamvua ni zile siku za maji makubwa zinazofuatana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo bahari hujaa sana na kukupwa sana, na kati yake ni maji mafu, ambapo bahari haiondoki vya kutosha mtu kufika shambani. Kazi ya mwani hufuata kalenda hiyo, haifuati Jumatatu wala Ijumaa.

Kamba zilikuwa zimefungwa kati ya vijiti kama nyaya za kuanikia nguo, na kila baada ya kiasi cha shibiri moja kulikuwa na shada la spinosamu limening'inia, la rangi ya kahawia inayokaribia uwekundu. Mama alikuwa akipitisha mkono chini ya kamba kutoka shada moja hadi jengine bila ya kuangalia, na kila alipofika kwenye lenye uchafu, ule mwembamba kama nyuzi za pamba unaong'ang'ania mwani, alilitikisa majini mara mbili tatu kisha akaendelea. Nilichovya kipimajoto. Kwenye shamba letu kilisoma nyuzi 27. Nilikwenda hatua kama 200 kuelekea nje, kwenye shamba la jirani, kikasoma nyuzi 29. Nilirudi nikachovya tena, kwa kuwa nilidhani nimekosea. Ikawa 27.

Nilimwambia mama kwamba nilikuwa nataka kuonesha namna joto lilivyoiua kotonii, na kwamba darasani nimeshawaeleza kuwa yeye mwenyewe anasema ni joto. Alisimama, akafuta mikono kwenye kanga.

“Wewe nani kakwambia mimi nasema ni joto?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Akaendelea kunieleza bila ya ukali, akiwa ameshika kamba. Shamba letu liko karibu na mkondo ambao maji ya mvua hushukia kutoka juu, na kotonii yake iliharibika masika, baada ya mvua za siku nyingi, maji yalipokuwa yamepoa na yamepungua chumvi mdomoni. Ya jirani, iliyofungwa kule nje, ilivuka masika ile ikiwa nzima na ikaja kuharibika kaskazi iliyofuata, jua lilipokuwa kali na maji yamesimama. Wako pia wenzao ambao mwani wao haukufa kabisa. Waliiacha kotonii kwa sababu kila ikiharibika walipaswa kutafuta mbegu upya, nao hawakuwa na uwezo wa kulipia mbegu mara kwa mara kwa bei ile waliyokuwa wakiuzia. “Mwanangu, kila mtu na shamba lake,” alisema, “usitutie sote kwenye polo moja.”

Nimeyaandika haya usiku ule ule kwa tochi ya simu, kwani sikutaka yapoe. Kwamba joto huudhuru mwani ni jambo lililothibitishwa na wataalamu, na mama hakulikataa. Jirani yake ndiye mfano wake. Kosa langu ni kwamba nilichukua jambo nililolisoma, nikaliweka kinywani mwa mama yangu bila ya kumuuliza, na nikalipeleka darasani kama ushuhuda. Wenzangu walikubali kwa sababu ya mama, si kwa sababu ya hoja. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza swali siku ile; nani angembishia mtoto wa mkulima? Nimerudi kwenye daftari, safu ya nilikokitoa ya wiki ya 4, nikakata neno nyumbani kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, na juu yake nikaandika: makala.

Kabla sijaondoka mama aliniomba nimwachie kipimajoto. Nimemfundisha kukisoma, naye akanifundisha kuonja maji kwa ncha ya ulimi na kutofautisha ya mkondoni na ya nje, kazi ambayo sikuiweza.

Wiki ya 8

Niliomba dakika 5 mwanzoni mwa mjadala wa kwanza. Nilisema kwamba katika wiki ya 4 nilidai kuwa wakulima, akiwemo mama yangu, wanasema kotonii imekufa kwa joto, na kwamba dai hilo halikuwa na msingi, kwa kuwa nilikuwa sijamuuliza mtu yeyote. Nikaeleza aliyoniambia mama na vipimo vya nyuzi 27 na 29. Niliyasema kwa Kiingereza, na mahali pa chumvi na mkondo nilihamia Kiswahili, na mwalimu hakunizuia.

Nilidhani wenzangu watanicheka. Walichofanya ni kuuliza. Kwa nini maji ya nje yawe na joto zaidi kuliko ya ndani, wakati wiki ya 5 tulikubaliana kwamba kina kirefu ndicho chenye maji ya baridi? Mkondo uko umbali gani? Mvua ilinyesha lini kabla ya kupima? Mwenzangu wa Makunduchi alisema kwamba pwani ya kwao haina mto wala kijito kwa sababu maji ya mvua huzama kwenye mawe ya uwanda, kwa hivyo sababu ya mama yangu haiwezi kuwa ya kwao, na ya kwao haiwezi kuwa ya mama yangu. Na kwamba basi swali la mwalimu, kwa nini kotonii imeshindikana, lilikuwa na makosa ndani yake, kwa kuwa linadai jibu moja. Mwalimu aliliandika hilo ubaoni. Nimeijaza safu ya kilichofuata mpaka ikaingia ukurasa wa pili.

Lipo jambo moja lililoniuma. Yule aliyekuwa ameinukuu sentensi yangu alikuwa ameshaiwasilisha insha yake, na ndani yake imo kwamba wakulima wa Pemba wanathibitisha. Alinifuata nje baada ya kipindi. Hakunilaumu, lakini alitaka kujua aandike nini sasa. Tulikaa pamoja chini ya mwembe mpaka karibu na Magharibi tukaiandika upya aya ile, na mwalimu akaipokea.

Wiki ya 9 na ya 10

Mwalimu ameturuhusu tufanye jaribio la vikundi kwa Kiswahili kwa wiki 2. Kabla ya hapo niliwauliza wenzangu mmoja mmoja, 42 wote, ni kitu gani kinachowazuia kuzungumza wanaponyamaza. Lugha ilitajwa na wengi, lakini si wote. Wengine walisema wanaogopa kukosea mbele ya wale wanaozungumza sana. Wawili walinitaja mimi kwa heshima zote, wakasema kwamba nikishasimama wao huona jambo limekwisha. Nimeliandika hili kama lilivyosemwa.

Katika mijadala ya wiki ya 6 nilikuwa nimewahesabu waliofungua mdomo, wakawa 11. Katika wiki ya 9, kwa hesabu ile ile ndani ya vikundi, walikuwa 34. Siwezi kudai kwamba yote hayo ni kwa sababu ya Kiswahili, kwa kuwa kuwekwa kwenye kikundi cha watu 6 au 7 kwenyewe kunampa mtu nafasi, na haya mawili nimeyachanganya. Ningekuwa nalipanga jaribio upya ningeanza na vikundi vya Kiingereza kwanza. Ninachoweza kukisema ni nilichokiona kwenye kikundi changu. Tulikuwa tukijadili kupwa na kujaa, na neno bamvua lilipotajwa hakuna aliyehitaji kulielezwa. Kaka mmoja wa Tumbatu, ambaye baba yake ni mvuvi, alichora mwezi, jua na dunia nyuma ya daftari akatuonesha kwa nini bamvua huja mara 2 kwa mwezi. Tukainama sote juu ya karatasi ile, vichwa vikagongana. Kwa Kiingereza nilikuwa nimemsikia akisema ndiyo na hapana tu.

Ripoti kwa Kiingereza zilikuwa ngumu na zilichukua muda mrefu kuliko tulivyopanga. Wenzetu kadhaa wamelalamika, na lalamiko lao lina haki: mtihani utakuja kwa Kiingereza, na kila nusu saa ya Kiswahili ni nusu saa ambayo hawajajizoeza. Nimejaribu kuwajibu kwamba mtu hawezi kukiandika vizuri kwa lugha ya pili kile ambacho hajakifikiri sawasawa kwa lugha yoyote. Baadhi wamekubali. Mmoja amesema kwamba mimi nayasema hayo kwa sababu Kiingereza changu kinanitosha, na hapo nilinyamaza, kwa kuwa inawezekana.

Katika wiki hizi 2 nimezungumza mara 8. Mara 5 kati yake ni maswali.

Wiki ya 11

Hatukuwa na mjadala wa pili kwa sababu ya mitihani ya majaribio. Wa kwanza ulihusu hifadhi ya Jozani na kima punju, na nilikuwa msikilizaji kwa muda mwingi, kwani wenzangu wa vijiji vinavyopakana na msitu walikuwa na mengi juu ya mazao yanayoliwa na kima na fidia wanayoitaka. Nimeuliza swali moja, ni nani anayehesabu hasara hiyo na kwa njia gani. Jibu lilichukua muda.

Wiki ya 13

Wiki ya 12 nilikuwa na homa na sikuhudhuria.

Mama amekuwa akinipigia simu kila bamvua kunipa vipimo. Anapima mahali 3: mkondoni, shambani kwetu, na kwa jirani. Mvua zimekwisha, kusi limeshaingia, na tofauti baina ya shamba letu na la jirani imepungua mpaka kukaribia kutoonekana. Nimevileta vipimo hivyo darasani katika jedwali moja, na nimeandika juu yake kwamba vimepimwa na mkulima mwenyewe, kwa ruhusa yake, kwa kipimajoto kimoja, katika bamvua 3, na kwamba havielezi kitu juu ya chumvi kwa sababu hatuna chombo cha kuipimia, isipokuwa ulimi wake. Nililitaja hilo la ulimi kama kipimo, na mwalimu akaniuliza kama mama anaweza kuonja maji ya sehemu 3 bila ya kujua yametoka wapi, tuone kama atayapanga sawa. Nimelipenda swali hilo sana. Nilijibu kwamba sijui, nitamuuliza.

Dada wa Jambiani alitaka kujua umbali halisi kutoka mkondoni hadi kwenye kila shamba, kwani hatua 200 zangu na 200 zake si sawa. Hilo nalo sikuwa nalo. Katika safu ya kilichofuata nimeandika maswali yote mawili, na jina la safu sikulibadilisha.

Usiku nilimpigia mama. Alicheka kuhusu kuonja, akasema atamwita jirani amshikie vikombe. Juu ya umbali aliniuliza ninataka kwa kitu gani, hatua au pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nikamwambia pima. Akasema kamba ya mwani anayo, na ile anayoitumia anaijua urefu wake kwa kuwa aliikata mwenyewe. Bamvua itaanza Alkhamisi.